KICHAA CHA MBWA: MBWA YULE ALITOKA WAPI?

Mwezi huu tuanze na jambo linaloweza kutokea katika kaya yoyote kati ya Kisesa na Magu.

Mtoto wa darasa la tatu ametumwa dukani asubuhi. Njiani anakutana na mbwa ambaye hakuna mtu kijijini anayemfahamu. Mbwa habweki. Mdomo uko wazi, mate yanamtoka, anapepesuka kama mlevi. Kabla mtoto hajapata nafasi ya kukimbia, ameng'atwa mguuni. Vijana wanamfukuza mbwa yule, wanamuua kwa mawe, wanamfukia kando ya korongo, kisha kila mmoja anarudi shambani kwake. Jioni mama anafunga jeraha kwa kitambaa safi. Ni jeraha dogo, na baada ya wiki mbili limepona. Mwezi wa pili mtoto analalamika kwamba pale palipopona panamwasha na kumchoma. Siku ya pili hataki kunywa maji. Siku ya tatu anashtuka hata kwa upepo. Hapo wakati wa kuokoa umekwisha kupita.

Mfano huu unatuachia maswali mawili. La kwanza ni hili: mtoto huyo angeokolewa namna gani? Jibu lake ni fupi. Jeraha lingeoshwa palepale kwa maji mengi na sabuni, na mtoto angepelekwa kupata chanjo siku ileile. Tutaeleza hatua hizo moja moja mwishoni. La pili ni swali ambalo watu hawaliulizi mara nyingi: mbwa yule alitoka wapi, na ni nani aliyemwambukiza? Siku hizi swali hilo lina jibu. Wataalamu wanaweza kuufuata ugonjwa nyuma, hatua kwa hatua, kama mchungaji anavyofuata nyayo za ng'ombe aliyepotea. Tena yale waliyoyaona katika nchi yetu wenyewe yanatuhusu sana sisi wenye familia, mbwa na mifugo.

UGONJWA WENYEWE

Kichaa cha mbwa husababishwa na kirusi, yaani kijidudu kidogo mno kisichoonekana hata kwa hadubini ya kawaida ya zahanati. Kirusi hicho hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama akiuma, mate huingia katika jeraha, na kirusi hupanda polepole kwa kufuata mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Aghalabu safari hiyo huchukua miezi miwili au mitatu, lakini yaweza kuwa wiki moja tu au kufika mwaka mzima. Muda huo ndio nafasi yetu ya kuokoa maisha. Dalili zikishaanza, mgonjwa karibu kila mara hufa.

Chanjo ya kumwokoa mtu aliyekwisha kuumwa si jambo geni. Tarehe 6 Julai 1885, mjini Paris, Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka tisa aitwaye Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa vibaya na mbwa. Mtoto huyo alipona na kuwa mtu mzima. Hata hivyo, karibu miaka 130 baadaye, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba watu wapatao 59,000 duniani hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi wao katika Afrika na Asia. Kwa Tanzania, makadirio yaliyotolewa mwaka 2002 yalikuwa vifo vipatavyo 1,500 kwa mwaka. Karibu wote waliambukizwa na mbwa, na wengi ni watoto. Mtoto ni mfupi, hucheza na mbwa, na akiumwa mara nyingine huficha kwa kuogopa kuchapwa.

DAFTARI LA KWAYA

Sasa, wataalamu wanajuaje mahali kirusi kilipotoka, na hali hakina miguu wala jina? Tuchukue mfano ambao kila parokia inaufahamu.

Tuseme mwalimu wa kwaya ya Kisesa ametunga wimbo mpya. Kwaya ya Nyanguge wanaupenda, nao wanaunakili kwa mkono katika daftari lao. Mwandishi wao, kwa haraka, anaandika "furaha" mahali palipoandikwa "faraja". Mwaka unaofuata kwaya ya Magu wanaunakili kutoka Nyanguge. Kosa lile linahamia Magu pamoja na wimbo, nao Magu wanaongeza la kwao: wanaruka mstari mmoja katika ubeti wa tatu. Miaka mitano baadaye mtu anaokota huko Lamadi daftari lisilo na jina. Analifungua na kukuta neno "furaha", na katika ubeti wa tatu mstari mmoja haupo. Je, ana haja ya kuuliza? Wimbo huo ulitoka Kisesa, ukapita Nyanguge, ukapita Magu. Makosa yenyewe yamesimulia safari. Lakini kama angekuta neno "faraja" na ubeti wa tatu umekamilika, angejua kwamba wimbo ulifika Lamadi kwa njia nyingine.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa kirusi. Ndani yake mna maelekezo ya uhai wake, ambayo huitwa vinasaba. Maelekezo hayo yameandikwa kwa namna ya herufi nne tu zinazopangwa kwa kurudiarudia. Kirusi cha kichaa cha mbwa kina herufi zipatazo 12,000. Kikiingia katika mwili wa mnyama hujinakili mara nyingi sana, na katika kunakili huko hukosea herufi moja hapa na nyingine pale. Makosa yanayodumu ni machache tu kwa mwaka, lakini yakishaingia hurithiwa na virusi vinavyofuata. Kwa hiyo wataalamu wakisoma herufi za kirusi kilichotoka kwa mbwa wa kijiji kimoja na kuzilinganisha na za mbwa wa kijiji kingine, wanaweza kuchora mti wa ukoo: huyu ni ndugu wa karibu wa yule, na huyu mwingine ni mgeni aliyetoka mbali.

KAZI YA MAABARA

Kazi huanza na mbwa aliyekufa au aliyeuawa kwa kushukiwa kuwa na kichaa. Mtaalamu wa mifugo aliyechanjwa, akiwa amevaa glavu na kinga ya uso, huchukua kipande kidogo cha ubongo. Jambo la kwanza ni kuthibitisha kama kweli mnyama alikuwa na ugonjwa. Kisha vinasaba vya kirusi hutenganishwa na kurudufishwa mara nyingi sana ili viweze kusomwa. Njia hiyo ya kurudufisha ni ileile iliyotumika katika vipimo vya UVIKO-19 vya kuchukua ute wa puani mwaka 2020. Mwishoni mashine husoma herufi, na kompyuta huzilinganisha na za virusi vingine vilivyokwisha kusomwa.

Zamani sampuli zilisafirishwa hadi Ulaya, na majibu yalirudi baada ya miezi, wakati ugonjwa umeshahamia kwingine. Sasa kuna mashine ya kusomea inayoenea katika kiganja cha mkono. Watafiti waliitumia nchini Tanzania na Kenya, na mwaka 2020 walichapisha maelezo ya namna kazi yote inavyoweza kufanyika hapahapa nchini katika siku chache.

Lakini mashine peke yake haitoshi. Inatakiwa pia kazi ya miguu: kwenda nyumba kwa nyumba na kuuliza ni nani aliyeumwa, tarehe gani, mbwa alikuwa wa nani, alionekana akitokea upande gani. Sisi wa Kisesa tunaielewa kazi ya namna hii. Tangu mwaka 1994 watafiti wa UKIMWI wamekuwa wakifika katika kaya zetu na kuuliza maswali, na yaliyopatikana hapa yamesaidia watu wa mbali na Kisesa. Kwa kichaa cha mbwa ni vilevile. Maelezo ya mama aliyemwona mbwa akipita yana thamani sawa na herufi zinazosomwa na mashine. Vikiunganishwa, ndipo njia ya ugonjwa huonekana.

SERENGETI: NI NANI ANAYEUTUNZA UGONJWA?

Ukitoka Kisesa kwa barabara ya Musoma, ukapita Magu na Lamadi, unafika ukingoni mwa Hifadhi ya Serengeti. Kwa miaka mingi wengi waliamini kwamba kichaa cha mbwa hutoka porini. Walisema kuwa fisi na mbweha ndio wanaouhifadhi ugonjwa, nao mbwa wetu huambukizwa tu. Kama ingekuwa kweli, kuchanja mbwa kungekuwa sawa na kuchota maji kwa pakacha.

Watafiti walikusanya virusi kutoka kwa mbwa, wanyamapori na wanyama wengine wa eneo hilo, wakavisoma na kuvilinganisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba virusi vya wanyamapori vilikuwa vya ukoo uleule wa virusi vya mbwa wa vijijini. Havikuwa na ukoo wao wa porini. Watafiti walihitimisha kuwa mbwa ndio wanaouendeleza ugonjwa. Mbweha na fisi huupata, na wakiwa wagonjwa ni hatari kweli, lakini mnyororo wa kwao haudumu bila mbwa.

Hata simba wamewahi kuugua maradhi ya mbwa. Mwaka 1994 simba wapatao elfu moja wa Serengeti, yaani karibu theluthi ya simba wote wa huko, walikufa kwa ugonjwa mwingine wa virusi unaoitwa distempa. Vinasaba vya kirusi hicho vilifanana sana na vya mbwa wa kufugwa. Tumezoea kuogopa yanayotoka porini kuja nyumbani. Herufi hizi zilionyesha kwamba na ya nyumbani hutoka kwenda porini.

Jambo hili ni habari njema, kwa sababu fisi hatuwezi kuwapanga foleni, lakini mbwa tunaweza. Kuanzia mwaka 1996 mbwa walichanjwa katika wilaya ya Serengeti, mkoani Mara. Chanjo iliwafikia kama mbwa 64 katika kila 100. Ugonjwa kwa mbwa ulipungua kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza, na kwa asilimia 97 baada ya kampeni ya pili.

Je, inakuwaje ugonjwa wa kutisha hivi uzuiwe bila kumchanja kila mbwa? Sababu ni kwamba, kwa wastani, mbwa mmoja mgonjwa huambukiza mbwa mmoja mwingine na kidogo tu zaidi. Mnyororo huo ni mwembamba. Ndiyo maana wataalamu wa afya duniani wanashauri kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa kila mwaka, mnyororo hukatika. Lakini ni lazima iwe kila mwaka. Mbwa wetu hawaishi miaka mingi. Waliochanjwa hufa na watoto wapya huzaliwa, na baada ya mwaka mmoja au miwili kijiji kilichokuwa na kinga kinakuwa wazi tena.

PEMBA: WAGENI WAWILI WA MWAKA 2016

Mfano ulio wazi kuliko yote tunaupata upande wa pili wa nchi yetu, katika kisiwa cha Pemba. Mbwa wa Pemba si wengi kama wa Usukumani, lakini kichaa kiliwahi kuwatesa watu wa huko vilevile. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, akiwamo Dakta Kennedy Lushasi, pamoja na wenzao wa Zanzibar na wa nje, waliufuatilia ugonjwa huo kisiwani kuanzia mwaka 2010 hadi 2020. Walitumia njia zote mbili tulizozitaja: kazi ya miguu na kusoma vinasaba. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2023.

Waliona kwamba kuanzia mwaka 2010 kulikuwa na minyororo mitano ya maambukizi iliyokuwa ikienda sambamba kisiwani. Chanjo ya mbwa ya kila mwaka ilianza, ikasuasua, kisha ikaboreshwa na kufika kisiwa kizima. Mnyororo mmoja baada ya mwingine ulikatika, na kufikia Mei 2014 yote mitano ilikuwa imekwisha. Kisiwa kilikuwa huru.

Kisha likatokea jambo ambalo wazazi tunalijua kwa chanjo za watoto pia. Watu walipoona ugonjwa umekwisha, chanjo ya mbwa ikalegea. Mwishoni mwa mwaka 2016 kichaa kikarudi.

Hapo ndipo vinasaba vilipofanya kazi ambayo macho yasingeweza. Palikuwa na maelezo mawili yaliyowezekana. La kwanza, labda ugonjwa haukuwa umekwisha, bali ulijificha mahali fulani kisiwani bila kuonekana. Kama ndivyo, basi chanjo ya miaka ile haikufaa kitu. La pili, labda uliletwa upya kutoka nje. Kwa macho huwezi kupambanua. Mbwa mwenye kichaa ni mbwa mwenye kichaa. Lakini herufi zilisema wazi: virusi vya mwaka 2016 havikuwa watoto wa ile minyororo mitano ya zamani. Vilikuwa wageni, na tena si mgeni mmoja. Ugonjwa ulikuwa umeingizwa mara mbili.

Mbwa hawezi kuogelea kilomita zipatazo 50 za bahari kutoka bara hadi Pemba. Akifika, amefika kwa chombo, na chombo kina nahodha. Kwa maneno mengine, ugonjwa ulisafiri kwa mikono ya binadamu. Jibu hilo liliondoa lawama juu ya chanjo. Chanjo ilikuwa imefanya kazi yake kikamilifu, na kilichokosekana ni kuiendeleza. Pemba walirudisha chanjo ya mbwa kisiwa kizima, na Oktoba 2018 ugonjwa ukatokomezwa kwa mara ya pili.

Tujiulize ingekuwaje bila kipimo hicho. Huenda watu wangesema, "Tulichanja mbwa miaka yote ile na bado kichaa kimerudi; chanjo haina maana." Maneno ya namna hiyo yakishaenea kijijini, ni vigumu kuyarudisha.

NG'OMBE WA SOROTI

Wafugaji wasidhani kwamba habari hizi ni za mbwa tu. Desemba 1998 ugonjwa wa malale uliibuka katika wilaya ya Soroti, mashariki mwa Uganda, mahali ambapo haukuwapo. Malale huenezwa na mbung'o. Lakini mbung'o hasafiri mbali, basi vimelea vilifikaje? Wakati ule wakulima wa Soroti walikuwa wakinunua ng'ombe wapya kujaza mazizi yaliyokuwa matupu. Uchunguzi ulionyesha kwamba ng'ombe wengi waliouzwa katika mnada wa huko walitoka katika maeneo yenye malale, na kwamba wagonjwa wa kwanza waliishi karibu na mnada huo.

Tatizo ni kwamba ng'ombe anaweza kubeba vimelea vya malale bila kuonekana mgonjwa. Tena vimelea vinavyodhuru binadamu na vile visivyomdhuru hufanana kabisa chini ya hadubini. Hapa pia vinasaba vilisaidia. Vimelea vya malale ya Afrika Mashariki vinavyomdhuru binadamu vina kinasaba kimoja ambacho vingine havina. Watafiti walipokitafuta katika damu ya ng'ombe wa Soroti walikikuta. Mtu alikuwa amenunua ng'ombe mwenye afya njema, akalipa, akamswaga hadi nyumbani, asijue amenunua na malale.

NA SISI WA KANDA YA ZIWA?

Yote tuliyoyaeleza yanatupa fundisho moja: maradhi ya wanyama husafiri kwa safari zetu sisi wenyewe. Tutazame mahali tunapoishi. Barabara kuu ya kwenda Musoma na mpaka wa Sirari inapita katikati ya Kisesa. Malori hupita usiku na mchana. Wafugaji huhama na mifugo yao pamoja na mbwa wao. Mitumbwi na vivuko huenda visiwani na kurudi. Mjomba akija kutembea, watoto humwomba mtoto wa mbwa, naye humtia katika kikapu na kuondoka naye. Hakuna ubaya katika lolote kati ya hayo. Lakini mbwa aliyekwisha kuambukizwa huonekana mzima kwa wiki kadhaa, na kikapu hakina macho ya kumtambua.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi na vijana wa parokia zetu wazingatie mambo manne.

Kwanza, chanjo inapotangazwa, mbwa wote wapelekwe, na watoto wa mbwa pia. Wengi huwaacha wadogo nyumbani wakidhani hawajafikia umri. Wapelekeni, kwani nao huweza kuambukizwa, na ndio wanaochezewa na watoto wetu kuliko wote. Tunzeni kadi ya chanjo kama mnavyotunza kadi ya kliniki.

Pili, mbwa anayehamishwa kwenda kijiji kingine, mji mwingine au kisiwani achanjwe kwanza, ikiwezekana mwezi mmoja kabla ya safari, ili kinga iwe imeshika.

Tatu, tusidhani kwamba kuua mbwa wote wa kijiji ni dawa. Mbwa wakiisha, watu huleta wengine kutoka kwingine, na huwaleta bila chanjo. Tunakuwa tumeondoa mbwa waliochanjwa na kufungua mlango kwa wageni, kama wale wa Pemba.

Nne, mbwa au mnyama yeyote akifa kwa dalili za kichaa, asifukiwe kimyakimya. Apewe taarifa afisa mifugo wa kata au mwenyekiti wa kitongoji mara moja. Msimguse kwa mikono mitupu, wala msijaribu kumpasua wenyewe. Hiyo ni kazi ya mtaalamu. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ina kituo hapa Mwanza, kwa hiyo sampuli haihitaji kusafiri mbali. Vilevile ng'ombe au mbuzi aliyeumwa na mbwa, kisha akaanza kutoa mate na kulia ovyo, asichinjwe. Anayemchuna na kumkata anajiweka katika hatari kubwa.

MTU AKIUMWA NA MBWA

Kateni sehemu hii na kuibandika ukutani, ikiwezekana.

1. Osha jeraha palepale kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15. Usiogope kwamba ni muda mrefu. Sabuni huua kirusi kabla hakijaingia ndani.

2. Usipake majivu, pilipili, mafuta ya taa wala dawa ya miti shamba. Usifunge jeraha kwa kulibana.

3. Nenda kituo cha afya au hospitali siku ileile, hata kama ni mkwaruzo mdogo, hata kama mbwa amelamba tu mahali penye kidonda. Kama chanjo haipo hapo, uliza ilipo na uende huko bila kungoja kesho.

4. Maliza sindano zote kwa tarehe utakazoandikiwa. Kuacha katikati kwa sababu jeraha limepona ni hatari.

5. Kama mbwa anafahamika na yu hai, afungwe na kuangaliwa siku 10 huku matibabu yakiendelea. Mwambie mganga mbwa ni wa nani na kama ana kadi ya chanjo.

6. Mtoto akisema ameumwa, asichapwe. Apongezwe kwa kusema.

Turudi sasa kwa mbwa yule wa mfano wetu wa mwanzo, aliyefukiwa kando ya korongo. Katika kichwa chake mlikuwa na jibu: alikuwa mbwa wa jirani aliyeambukizwa na mwenzake hapahapa, au mgeni aliyeshushwa kutoka katika lori? Kama ni wa hapa, basi wapo wengine kijijini ambao nao wameumwa na wanangoja zamu yao, na inabidi kuchanja haraka sana. Kama ni mgeni, inabidi kuchunguza alikotoka na kuwaonya watu wa huko. Majibu hayo yote yalifukiwa pamoja naye, na tatizo halikuwa kukosa mashine. Hakuna aliyetoa taarifa.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Taarifa yako kwa bwana mifugo leo yaweza kumwokoa mtoto wa kijiji usichokijua. Na kadi ya chanjo ya mbwa wako ni kinga ya mtoto wako mwenyewe.